Tangazo la Ukutani Ni Neno la Serikali

Wanachama wenzetu,

Kuna usemi uliozoeleka sana katika ofisi zetu, nao twataka kuupinga leo waziwazi. Wakubwa wengine husema, na wadogo wengi wameupokea, ya kwamba kuandika tangazo ni kazi ya mwisho katika kazi zote za ofisi, kazi ya mtu aliyekosa jambo la kufanya. Shauri likiisha kukatwa, nauli ikiisha kupangwa, kituo kikiisha kuhamishwa, hutafutwa karani yeyote aliye karibu, akaambiwa, "Andika kitu kidogo, kibandikwe." Kitu kidogo! Sisi twasema kwamba hicho kitu kidogo ndicho pekee atakachokiona raia. Hatayaona majadiliano ya wakubwa, wala hatalifungua jalada, wala hataijua sahihi iliyo mwisho wa barua. Ataiona karatasi ile tu. Kama haisomeki, basi kwake yeye Serikali imenyamaza, au imemdanganya.

Twajua tutajibiwa kwamba haya ni maneno ya makarani wanaotaka kujikuza. Kwa hiyo hatutaanza na habari zetu wenyewe. Tutaanza mbali, katika mji wa London, ambako ofisa kijana wa reli za mji alikutana na mwandishi wa kitabu juu ya herufi, na matunda ya kukutana kwao yangali yakisomwa kila siku hata leo, baada ya miaka zaidi ya 100.

Ofisa huyo ni Frank Pick, aliyezaliwa mwaka 1878. Hakusomea uchoraji wala uchapaji. Alisomea sheria, akafaulu mwaka 1902, kisha akaingia katika kazi ya reli huko York. Mwaka 1906 alihamia London katika kampuni ya reli zipitazo chini ya ardhi, na mwaka 1908 akakabidhiwa kazi ya matangazo. Mkumbuke kwamba reli zile hazikuwa bado mali ya umma; zilikuwa za kampuni, na kampuni hutafuta faida. Walakini kijana huyu alitambua jambo ambalo watumishi wengi wa umma hawajalitambua hata sasa, ya kwamba msafiri asiyejua alipo ni msafiri aliyenyimwa haki ya nauli aliyolipa.

Maana hali aliyoikuta ilikuwa hivi. Kuta za stesheni zilikuwa zimejaa mabango ya wafanya biashara wa kila namna, makubwa kwa madogo, na jina la stesheni lilikuwa limezama katikati yao kama sindano katika majani makavu. Treni husimama kitambo kidogo tu. Mtu aliyeketi ndani ya behewa alitupa macho nje, akaona sifa za bidhaa hii na bidhaa ile, asijue kama afikapo ndipo aendapo. Mwaka ule ule wa 1908 stesheni zilianza kuwekewa alama ya duara jekundu lenye utepe wa buluu uliokatiza katikati, na juu ya utepe huo jina la stesheni, ili jina lijitenge na maneno ya biashara. Mabango nayo yakatengewa mahali pake. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini halikumtosheleza Pick, kwa sababu herufi zenyewe zilikuwa za kuokotezwa, hapa namna hii na pale namna nyingine.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika mwaka 1913, kwa njia ya mpiga chapa mmoja aitwaye Gerard Meynell, Pick alikutana na Edward Johnston. Huyu Johnston alizaliwa mwaka 1872 katika nchi ya Uruguay. Alianza masomo ya uganga wa kizungu huko Edinburgh, akayaacha kwa ajili ya afya yake, akajitia katika kuchungua maandiko ya mkono ya zamani, jinsi wazee walivyokata kalamu za tete na kuzishika. Tangu mwaka 1899 alikuwa mwalimu wa fani hiyo mjini London, na mwaka 1906 alitoa kitabu chake juu ya kuandika, kupamba maandiko na kuchora herufi, kitabu ambacho wanafunzi wa khati wangali wakikitumia.

Tazameni, wenzetu, nani alimhitaji nani. Johnston hakuwa mtu wa reli. Hakujulikana kwa hesabu za nauli wala kwa ratiba za treni. Alikuwa mwalimu wa kalamu, na mtu mwenye majivuno angalimcheka akasema, "Mwandika vitabu na chuma cha reli wapi na wapi?" Ofisa ndiye aliyekuwa na shida, na ofisa ndiye aliyemtafuta mwenye elimu, naye alikuwa na miaka thelathini na kitu tu, umri wa wengi wetu tusomao kurasa hizi. Hakuona haya kusema kwamba kuna jambo asilolijua. Wazee wetu walisema, kuuliza si ujinga. Sisi twaongeza ya kwamba katika kazi ya umma, kutouliza ni zaidi ya ujinga. Ni dhuluma, kwa kuwa hasara haimpati yule asiyeuliza, humpata raia.

Kazi ile haikumalizika kwa siku moja. Agizo lenyewe lilitolewa mwaka 1915, na herufi zikaanza kutumika mwaka 1916, vita kuu ikiwa inaendelea. Johnston hakubuni mapambo. Alichukua vipimo vya herufi kubwa walizozichonga Warumi wa kale katika mawe, akaziondolea mikia na vijino, akazipa mstari wenye unene mmoja. O yake ni duara kamili. Nukta iliyo juu ya i ni mraba uliosimama juu ya pembe yake, ndiyo alama iachwayo na kalamu pana ikigusa karatasi mara moja. Tena l ndogo aliipinda chini kidogo, ili mtu asiidhanie kuwa I kubwa wala tarakimu 1. Jambo hili la mwisho ni dogo kama punje ya mtama. Walakini yeyote aliyewahi kuandika hesabu za mishahara ajua punje hiyo inavyoweza kuvunja jino.

Herufi hizo zilitengenezwa upya kidogo mwaka 1979 kwa mkono wa Mjapani, Eiichi Kono, na mara nyingine mwaka 2016 zilipotimiza miaka 100, lakini asili yake ni ile ile, na msafiri wa London azisoma leo katika stesheni. Pick naye, reli na mabasi ya mji ule yalipotiwa chini ya bodi moja ya umma mwaka 1933, alikuwa mtendaji mkuu wake, akaiacha mwaka 1940, akafa mwaka 1941. Alipotaka kupewa cheo cha heshima cha "Sir", alikikataa. Hatujui cheo gani kingeshinda kuwaongoza watu njia kwa muda wa miaka mia.

Sasa turudi kwetu, maana hatukuandika habari hizi ili kuwasifu Waingereza. Tumeziandika ili kuwajibu watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni wale wasemao, "Hayo ni ya London. Sisi hatuna fedha." Twawauliza, je, karatasi iliyoandikwa vibaya huuzwa kwa bei rahisi kuliko iliyoandikwa vizuri? Wino wa neno gumu wapungua gharama kuliko wino wa neno jepesi? Tazameni daladala za Dar es Salaam, zilizopakwa mistari ya rangi kwa kadiri ya njia zake, na majina ya mwanzo na mwisho wa safari yakaandikwa mbele. Mama asiyejua kusoma huijua rangi ya gari lake tangu mbali, akanyanyua kikapu mapema. Yule aliyeanza kufikiri namna hiyo alimfikiria msafiri, na rangi ile si mali ya kutisha. Basi uhaba wa fedha tusiutaje mahali penye uhaba wa kufikiri.

Wa pili ni wale wasemao kwamba maneno mepesi huivunjia Serikali heshima. Hao ndio hatari kuliko wote, kwa kuwa huonekana wameelimika. Twajua kituo kimoja, hatutakitaja wala hatutaitaja ofisi yake, ambapo basi la kwenda hospitali lilikuwa limeacha kusimama. Ukutani palibandikwa karatasi baina ya matangazo ya sabuni na ya mikopo, nayo ilisema hivi: "Kwa mujibu wa marekebisho ya utaratibu wa utoaji huduma, abiria wote mnataarifiwa kuwa matumizi ya kituo tajwa yamesitishwa hadi hapo itakapoelekezwa vinginevyo." Mama mmoja kutoka shamba, mwenye barua ya daktari mkononi na mtoto mgonjwa mgongoni, alikaa chini ya karatasi hiyo tangu asubuhi hata jua likawa kali. Alikuwa anajua kusoma. Aliisoma mara tatu. Alipokuja kuambiwa na mwuza machungwa kwamba basi lasimama ng'ambo, zamu ya daktari ilikuwa imekwisha, na nauli ya kurudi siku ya pili hakuwa nayo.

Twauliza, karatasi ile ilimfaa nani? Ingalitosha kuandikwa, "Basi la hospitali halisimami hapa tena. Lipande ng'ambo ya barabara, mbele ya soko." Maneno kumi na matatu. Ni heshima gani ya Serikali ingalipotea kwa maneno kumi na matatu? Na heshima gani ilipatikana kwa yale mengine? Mama yule hakusema, "Serikali hii ina lugha ya fahari." Alisema maneno ambayo hatuwezi kuyapiga chapa hapa, na aliyoyapokea usoni ni karani aliyekaa dirishani, asiyeiandika karatasi ile wala kuulizwa juu yake.

Nchi zetu zenyewe zimekwisha kulikubali jambo hili katika sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Bunge la Tanzania mwaka 2021 lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini twaonya kwamba Kiswahili kinaweza kufungwa kufuli kama lugha nyingine yoyote. Mtu akiisha kuacha Kiingereza asichokijua raia, kisha akashika Kiswahili asichokielewa raia, amebadili kufuli tu, mlango haukufunguliwa. Wako hata makarani miongoni mwa wanachama wanaoipenda kufuli hiyo, wakidhani neno refu hurefusha na cheo cha aliyeliandika. Hao twawaambia kwa upendo ya kwamba Johnston, aliyejua herufi kuliko watu wote wa zama zake, alipoombwa kuwaandikia wasafiri, aliondoa, hakuongeza.

Wa tatu ni wale wasemao, "Karani kazi yake ni kunakili, si kufikiri." Hao tutawajibu kwa habari nyingine ya ofisi ile ile ya London, tena habari hii haiwasifu wakubwa wake. Mwaka 1931 alikuwapo mchoraji wa michoro ya mafundi, Harry Beck, mtumishi wa kibarua katika reli hizo. Ramani za reli wakati ule zilifuata mapindo yote ya barabara na ya mto, nazo zilikuwa zimesongamana kama nyuzi zilizochezewa na paka. Beck, kwa wakati wake mwenyewe, alichora ramani yenye mistari iliyonyoka na mapindo machache, akazipanga stesheni kwa utaratibu bila kujali umbali wa kweli wa ardhini, kwa kuwa alijua mtu aliye chini ya ardhi hahitaji kujua barabara inapinda wapi. Ahitaji kujua ashuke wapi na abadili treni wapi. Ofisi iliikataa mara ya kwanza. Alipoipeleka tena ilikubaliwa, na mwanzo wa mwaka 1933 ikapigwa chapa. Watu waliigombania, na miji mingi ya dunia imeiga mfano wake. Lakini Beck mwenyewe hakupata fungu la maana, na mwaka 1960 ramani ikatolewa kwa jina la mtu mwingine. Yalipita miaka mingi, naye amekwisha kufa, ndipo jina lake likaanza kutajwa tena katika ramani hiyo.

Mwaona basi. Ofisi iliyojua kumtafuta mwenye elimu nje ya nyumba ilishindwa kumwona mwenye akili aliyekuwa ndani ya nyumba, kwa sababu alikuwa mdogo. Kama haya yalitokea katika ofisi iliyokuwa na Pick, je, yatakuwaje katika ofisi isiyo na mtu kama yeye? Ni mangapi yaliyofikiriwa na makarani, na matarishi, na wakata tiketi wetu, yakafa katika mtoto wa meza? Karani wa dirishani asikia kila siku maswali mia ya watu wasioelewa tangazo. Yeye ndiye ajuaye neno gani huwakwaza. Na yeye ndiye asiyeulizwa.

Kwa hiyo hatutaki kumaliza kwa manung'uniko, maana manung'uniko ni rahisi, na chama kisichotoa shauri ni ngoma bila wachezaji. Twaleta mambo manne, nayo twaomba yaandikwe katika shughuli za mkutano wetu ujao, yajadiliwe, na yakikubaliwa yapelekwe kwa wakubwa kwa barua yenye sahihi zetu.

La kwanza: tangazo lolote litakalobandikwa mbele ya watu lisomwe kwanza kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiye mtumishi wa ofisi, awe mchuuzi, mpagazi au mpita njia. Akiulizwa, "Utafanya nini sasa?" asijue la kujibu, liandikwe upya.

La pili: kila tangazo liwe na tarehe ya kubandikwa na cheo cha ofisa aliyelitoa, na likiisha muda wake liondolewe. Ukuta wenye amri tano, na tatu katika hizo zimekufa, hauna amri hata moja.

La tatu: matangazo ya umma yatengewe mahali pake, mbali na ya biashara, katika kimo cha macho ya mtu wa kawaida, na kwa herufi ambazo mzee aweza kuzisoma bila kuazima miwani.

La nne, nalo ndilo zito: ofisa kijana apewaye kazi ya kuongoza wasafiri, au wagonjwa, au walipa kodi, apewe ruhusa na wakati wa kwenda kuonana na wenye elimu ya jambo lile, hata kama hawana cheo: mwalimu wa lugha, mwandishi wa vitabu, mchoraji wa mabango, fundi wa chapa. Pia awaulize kwanza makarani wa dirishani. Wala asihesabiwe kuwa ameidhalilisha ofisi yake kwa kuuliza.

Tunajua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba kuna mambo makubwa zaidi: mishahara, nyumba, vyeo. Nasi twakubali kwamba hayo ni makubwa, na chama hiki hakitayaacha. Lakini fikirini jinsi raia atakavyotuunga mkono tukidai mishahara yetu, ikiwa kila alipofika dirishani kwetu aliondoka hajui alichoambiwa. Heshima ya mtumishi wa umma haitoki juu tu kama mvua. Huota pia kutoka chini, kwa mama aliyesoma karatasi mara moja, akavuka barabara, akapanda basi lake, akafika hospitali kabla ya zamu ya daktari kwisha. Mama huyo hatajua jina la karani aliyeiandika karatasi ile, wala hatarudi kumshukuru. Lakini atakuwa amefika, nasi ndivyo tulivyoajiriwa kufanya.

Wanachama wenzetu, mkutano u karibu. Msije na vinywa vitupu. Kila mmoja na alete tangazo moja alilolikuta ukutani, zuri au baya, tulisome mbele ya wote, tuone ni nani kati yetu aweza kuliandika kwa maneno kumi na matatu.

Wasalaam,

KARANI WA MASIJALA